Kutoka Zinga Hadi Kilima cha Nabugoye

Kwetu Zinga, kijiji cha pwani ya Bagamoyo, ukimtaja Myahudi barazani, wengi humfikiria tajiri wa benki wa nchi za mbali. Nami niliamini hivyo, hadi nilipoalikwa Mbale, mashariki mwa Uganda, kuwatembelea Abayudaya, Wayahudi Waafrika wanaoishi kwa jembe. Nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka wowote. Nikapanda basi Dar es Salaam, tukapita Namanga na Nairobi, tukaingia Uganda kwa Malaba.

Alhamisi nikashuka Mbale, na kwanza nilishangazwa na mlima. Jicho la mtu wa pwani limezoea bahari. Hapa majabali ya Wanale yamesimama juu ya mji, na maji yanaporomoka kutoka kileleni. Bodaboda ikanipandisha kwa njia ya udongo mwekundu hadi kilima cha Nabugoye. Niliona migomba, mbuzi, nyumba za bati, na watoto waliovaa kofia ndogo za kufuma wakibeba madumu ya maji. Sikuona hata dalili moja ya ule utajiri wa barazani.

“Karibu, mwanangu, pole na safari,” alinipokea mama mwenyeji wangu, mkulima aliyeokota Kiswahili katika biashara za mpakani.

Usiku huo wazee walinisimulia asili yao. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, kiongozi wa vita wa Kiganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza, aliisoma Biblia akaamua kufuata Torati. Alitahiriwa yeye na wanawe, na wafuasi wake wakatahiriwa pia. Alifariki mwaka 1928. Idi Amin alipotwaa nchi mwaka 1971 dini yao ilipigwa marufuku. Wengi wakasilimu au wakawa Wakristo, wakabaki Wayahudi kama 300 tu. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1979, walianza upya wakiwa mikono mitupu.

Ijumaa asubuhi tuliingia shambani. Kahawa nilikuwa naijua ndani ya kikombe tu. Sikujua kwamba tunda lake ni jekundu na tamu. Buni zilianikwa juu ya vichanja, kama dagaa wetu wanavyoanikwa ufukweni Bagamoyo. Hapo ndipo nilipoelezwa habari iliyonigusa kuliko zote. J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa jamii hii, alikuwa New York Septemba 11, 2001, akayaona mashambulizi ya kigaidi kwa macho yake. Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba kwa majirani zake Waislamu na Wakristo akiwaomba waungane, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, yaani Amani Tamu. Zamani kila mkulima aliuza peke yake kwa mlanguzi, kwa bei ya kutupa. Tangu hapo waliuza pamoja, kwa bei ya haki, kwa kampuni moja ya California. Uongozi uligawanywa baina ya dini zote tatu.

Jioni Sabato ikaingia. Nilitarajia ibada ya kimyakimya. Nikakuta magitaa, ngoma, na nyimbo za Kiebrania na Kiganda. Jumamosi hakuna aliyeshika jembe. Baada ya sala tulikula posho, yaani ugali, na maharage pamoja, na hakuna aliyeulizwa amechangia nini.

Mzee mmoja alinifafanulia sheria yao. Torati inamkataza mkulima kuvuna pembe za shamba lake, kwa kuwa hizo ni za maskini na mgeni. Musa bin Maimun, tabibu na mwanachuoni aliyeishi Misri karne ya 12, alizipanga sadaka katika ngazi nane. Ngazi ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ubia au kazi, asihitaji tena kuomba. Akaongeza kwamba umaskini hauko Nabugoye tu: hata New York wapo Wayahudi wasio na chakula, na shirika la Met Council linawahudumia tangu miaka ya 1970.

Jumatatu nilitembezwa shule ya msingi Hadassah, ambako watoto wa Kiislamu na wa Kikristo husoma pamoja na wa Kiyahudi. Mjini Mbale nikaonyeshwa kituo cha afya cha Tobin, kilichofunguliwa mwaka 2010, kinachotibu wagonjwa wa dini zote. Fedha nyingi za kuvijenga zilitoka kwa Wayahudi wa Marekani, lakini mlango uliachwa wazi kwa kila jirani.

Kwetu tunatoa zaka, tunafuturisha, tunazika kwa pamoja, na hayo ni mema makubwa. Ila futari huisha magharibi ileile, na mvuvi wa Zinga huamkia deni la mwenye mtego. Kamati zetu za misikiti na makanisa zikae pamoja, zitenge sehemu ya sadaka iwe mtaji wa ushirika wa wavuvi na wakulima wa mihogo, hesabu zisomwe hadharani. Watu wa Nabugoye walianza na kidogo kuliko tulicho nacho sisi.