Mama Aliyekukanda, Umuachie Nini?

Wiki hizi tumezunguka mji wetu, kutoka Bel-Air mpaka Katuba, kutoka soko la Kenya mpaka katikati ya mji penye miti ya jakaranda, tukitafuta jibu la swali ambalo limerudi mara nyingi katika mikutano yetu. Mtu akikukanda mabega, akikusugua miguu, akimkanda mtoto wako mchanga kwa maji ya moto, na bei mliyopatana umelipa, je, unamwachia kitu juu yake au hapana? Ukimwachia, ni kiasi gani, unampa nani, na unampa namna gani? Ukilisikia swali unaliona dogo. Lakini ndani yake kuna bukari ya watoto wa watu, na mabinti zetu wengi sasa wanaifanya kazi hii.

Tuanze na neno lenyewe, maana neno hili linatuvuruga. Sisi watu wa Lubumbashi tunasema matabishi. Neno limetoka kwa Wareno, upande wa Angola, na asili yake ni "kuua mdudu": yaani ile funda ya kinywaji kikali ambayo mtu alipewa asubuhi, eti imuue mdudu wa tumboni. Baadaye kinywaji kikawa feza. Ndugu zetu wa pwani wanasema bakshishi, neno la Waajemi. Huko Kenya (nchi, si komine yetu) utasikia chai. Ukivuka Kasumbalesa ukaingia Zambia, mama wa sokoni atakuongezea nyanya mbili juu ya fungu na kuiita mbasela.

Hapo ndipo pana fundo. Sokoni kwetu, matabishi ni kile ambacho muuzaji anamwongezea mnunuzi: nyanya ya juu, kiganja cha unga, samaki mdogo wa mwisho. Saluni, matabishi ni kile ambacho mteja anamwachia mfanyakazi. Neno moja, na linakwenda njia mbili. Kwa hiyo tumeona mama anaingia saluni na mazoea ya sokoni: analipa bei ya kukandwa mabega, kisha anamwambia binti, niongezee na mgongo, ndiyo matabishi yangu. Binti anaongeza dakika 10, anaongeza na mafuta, na mama anatoka na aksanti tupu. Tunasema wazi kwamba dakika hizo si nyanya. Nyanya ya juu muuzaji ameihesabu tangu alipopanga fungu lake asubuhi. Dakika za binti hakuna aliyezihesabu, zinatoka katika mikono yake, na mara nyingi zinakula nafasi ya mteja anayefuata. Ukiomba nyongeza, basi na wewe ongeza.

Kuna wamama, hasa wenye umri, ambao neno lenyewe hawalipendi, na hatuwalaumu. Linawakumbusha nyumba za wazungu, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1966. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kilitoa kitabu kidogo juu ya historia ya mji huu, kilichoandikwa na André Yav katika Kiswahili chetu hiki hiki cha Lubumbashi, bila kukisafisha. Mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990. Anayetaka kujua maboyi walivyowaona mabwana zao, akitafute. Feza inayotupwa kutoka juu kwenda chini ina ladha yake, na wazazi wetu wameionja. Ndiyo sababu namna ya kutoa tunaiweka mbele ya kiasi.

Sasa twende kwenye kartie. Kazi ya kukanda kwetu haikuanza na saluni wala hoteli. Ilianza nyumbani, mwanamke akijifungua. Mama mzee wa jirani anakuja asubuhi na jioni, anatia kitambaa kwenye maji ya moto, anamkanda mzazi mgongo na kiuno, anamwogesha mtoto, anampaka mafuta, anamnyoosha mikono na miguu mpaka anasinzia. Baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, unapojua kweli kwamba mji wetu uko juu sana, zaidi ya meta 1,200, anafika kabla jua halijatoka, kitenge begani.

Muulize bei. Atajibu kwamba mtaona wenyewe. Jibu hilo ni la adabu, na ni hatari kwake. Familia inangoja iwe na nafasi. Baba anasema mwisho wa mwezi. Bibi anasema yule ni mtu wa nyumbani. Wiki 4 zinapita, na mama yule, ambaye mara nyingi ni mjane na analisha wajukuu, anarudi kwake na kipande cha sabuni. Halafu watu wanaita hiyo sabuni matabishi! Matabishi ya juu ya nini, kama chini hakuna kitu?

Maoni yetu ni haya: kwa mama wa kartie, patana malipo tangu siku ya kwanza, hata yakiwa madogo, na mlipe kila wiki. Akiona haya kusema, wewe taja. Kisha siku ya mwisho, kitovu kimekauka na mzazi amesimama vizuri, ndipo zawadi inaingia: kikwembe, sukari, sabuni, kuku kwa mwenye nafasi. Hiyo sasa ni shukrani, na hata majirani wanaiona. Tena kikwembe kizima, si kile kilichobaki baada ya kushona.

(Jambo moja pembeni, maana tumeliona: kukanda ni kwa aliyekwisha kujifungua, na kwa aliyepasuliwa ni mpaka daktari aruhusu, wala kidonda hakiguswi. Mwenye mimba asikubali mtu amkandamize tumbo kwa nguvu, hata kama ni mama mwenye sifa namna gani. Kondo la nyuma linaweza kubanduka na damu kutoka. Akisikia maumivu au akaona damu, ni hospitali, si mafuta.)

Tuliokwenda saluni tulijifunza jambo ambalo wateja wengi hawaliulizi: binti anayekukanda analipwaje? Wengi hawana mshahara wa mwezi. Wengine wanagawana na patroni kila kichwa kinachoingia, wengine wanalipia kiti kwa siku. Siku ya mvua, njia za Katuba na Ruashi zikijaa maji na mteja asifike, binti huyo amefanya kazi ya kukaa tu. Na yule mwanafunzi mdogo anayeleta beseni, anayemwaga maji, anayefagia nywele, mara nyingi hapati kitu isipokuwa kufundishwa. Kwa hiyo ukiacha feza kwa mwenye kupokea malipo ukidhani itafika, huenda inafika na huenda inalala njiani. Mpe aliyekukanda mwenyewe, mkononi, kwa mkono wa kuume, kama tunavyompa mtu tunayemheshimu, na umwambie aksanti ukimtazama usoni. Usiitupe mezani. Usiisokomeze mfukoni mwake. Mwanafunzi naye mkumbuke kwa noti ndogo yake peke yake.

Kiasi gani? Hapa hakuna sheria, na anayekwambia ipo anakudanganya. Sisi tunatumia hesabu nyepesi: sehemu moja ya kumi ya bei, ikiwa kazi ilikuwa nzuri, na noti ya 500 au ya 1,000 kwa mwanafunzi. Mwenye nafasi azidishe. Asiye na nafasi asikimbie saluni kwa aibu. Bei amelipa, hana deni. Na kama kazi ilikuwa mbaya, sema kwa sauti ya chini kabla ya kulipa. Kunyima matabishi bila kusema sababu hakumfundishi mtu.

Lakini noti gani? Hapa tukae kidogo, maana ni ugonjwa wa kwetu. Tunaishi na feza mbili, franka na dola. Kila mama wa Lubumbashi anajua kwamba dola yenye mpasuko mdogo, hata wa ukucha, haipiti: muuzaji anaikataa, wabadilishaji wa barabarani wanaikataa au wanaikata bei. Sasa kuna wateja wenye mkoba wa ngozi ambao dola yao iliyokataliwa sokoni wanaitunza kwa ajili ya binti wa saluni. Wanaitoa kwa kicheko kikubwa, wote wanaona dola, wote wanasifu. Jioni binti anazunguka nayo kutoka duka hadi duka, na hakuna anayeichukua. Ameshukuru mbele ya watu kwa karatasi. Heri franka 1,000 safi inayonunua mkate njiani.

Wanaotuma kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, wakumbuke kuongeza gharama ya kutoa. Kwa matabishi madogo, gharama hiyo inauma.

Kwenye hoteli kubwa, zile za katikati ya mji na za upande wa ziwa na golfu, hatutakaa sana, kwa sababu wengi wetu tunaingia huko siku ya harusi tu. Soma karatasi ya bei kwanza, uone kama wameandika kwamba huduma imo ndani. Kama imo, si lazima kuongeza. Kama haimo, ile sehemu ya kumi inatosha. Wamama wafanyabiashara wanaosafiri wanajua kwamba kila nchi ina desturi yake: Ufaransa huduma imo katika bei ya mkahawa, Marekani wanategemea asilimia 15 mpaka 20 na wanakuangalia vibaya usipoacha, Japani wanaweza kukukimbilia wakurudishie, wakidhani umesahau feza yako.

Hospitalini mambo yanabadilika kabisa. Mzee aliyepooza upande mmoja, au mtoto mwenye mguu uliopinda, anapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine. Naye anakanda, ananyoosha, anafundisha kutembea. Watu wanaona mikono na mafuta, wanatoa matabishi. Hapana. Hapo unalipa penye kulipia, unapewa risiti, basi. Ukianza kuacha kitu mkononi, kesho mgonjwa asiye nacho atakaa kwenye benchi mpaka saa 8 mchana huku wenye nacho wakipita. Sisi wazazi tunaijua njia hiyo. Miaka mingi tulilipa "motivasyo" ya walimu kila mwezi, ikawa kama sheria, na watoto wa wasiolipa wakafukuzwa darasani, mpaka serikali ilipotangaza masomo ya msingi ya bure mwaka 2019. Wakinshasa wana jina lao la kuchekesha, madesu ya bana, maharage ya watoto. Kipimo chetu ni chepesi: kitu kinachotolewa baada ya kazi, kwa hiari, ni matabishi. Kinachoombwa kabla ya kazi, au kazi isifanyike vizuri bila hicho, kina jina lingine. Ukitaka kumshukuru kine, mzee wako akitembea tena, andika barua kwa mkubwa wake. Barua kama hizo zinatunzwa.

Limebaki neno zito, na tunalisema kwa ajili ya mabinti. Nyumba za masaji zimeongezeka mjini, wateja wengine ni wanaume wenye feza za migodi, na watu wa mtaani wanapenda kuwaweka wote katika kapu moja. Si haki. Mikono inayoondoa maumivu ya mgongo ni kazi safi kama ya kushona. Lakini mama mwenye binti huko ajue kwamba matabishi yaliyo makubwa mno, yanayolingana na bei yenyewe au kuipita, mara nyingi ni swali linaloulizwa kwa feza. Mfundishe binti yako aulize yeye kwanza, kwa adabu: hii ni ya nini, baba? Na ana haki ya kuirudisha. Mahali pazuri pa kazi pana bei ukutani, pana mwenye nyumba anayejulikana, wanawake wanawakanda wanawake, na mlango haufungwi kwa ufunguo. Patroni anayemwambia binti kwamba mshahara wako ni matabishi ya wateja, huyo amemuuza tayari. Mtoe hapo, hata kama nyumbani hakuna unga.

Kikundi chetu cha Kampemba, ambacho kina wasusi na wakandaji 9, kimeanza kujaribu sanduku moja la matabishi, linalofunguliwa Jumamosi jioni mbele ya wote, na mwanafunzi anapata fungu sawa na wengine. Ubishi umebaki kwa mwenye saluni: naye apate? Wengine wanasema yeye anakula faida, inatosha. Sisi tunaona kwamba juma ambalo yeye mwenyewe ameshika miguu ya watu, apewe kama wengine, na juma ambalo amekaa penye feza tu, asipewe. Vikundi vya Katuba na Ruashi vituletee mawazo yao kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi.