Marhamu Juu ya Magamba

Nilisomea ng'ombe. Cheti changu ni cha afya ya mifugo, na miaka yangu ya kwanza kazini niliimaliza kwenye mazizi na majosho ya Kilifi, mkononi kopo la dawa ya buluu ya kupuliza, ile inayombakisha mbuzi na doa hata kidonda kikishapona. Nilipoajiriwa katika kituo cha kuwauguza kasa, kobe na nyoka, nilidhani nitahama na sanduku langu zima. Daktari mzee wa wanyamapori aliyenipokea alilifungua, akaanza kupunguza. Ivamektini, dawa ya vimelea, aliitoa kwanza. "Mwanangu, hii ukimchoma kobe umemzika." Kupe walioganda shingoni mwa kobe tungewang'oa kwa koleo, mmoja mmoja. Spiriti ikafuata, kisha haidrojeni peroksaidi, kwa kuwa huunguza nyama changa ambayo mnyama ameihangaikia kwa majuma.

Zilizobaki zilionekana dawa za kimaskini: maji ya chumvi, iodini iliyozimuliwa mpaka chini ya bakuli paonekane, na krimu nyeupe ya silva sulfadiazini ya asilimia 1, ileile wanayopakwa watu walioungua moto.

Kilichonitoa ung'ombe hasa ni usaha. Jipu la ndama ukilitumbua, humwagika. La kobe halimwagiki. Chembe nyeupe za damu ya reptilia hazina kimeng'enya cha kuyeyusha usaha, basi hukaa ndani mgumu na mweupe kama muhogo uliochemshwa. Tuliletewa kobe wenye uvimbe upande wa kichwa, penye sikio, nao wamekwisha kupakwa kila aina ya marhamu. Marhamu yale yalikuwa yakilainisha magamba tu. Uvimbe wa namna hiyo hutiwa ganzi, ukapasuliwa, ukakombwa, ukaoshwa, ukaachwa wazi ujijaze kutoka chini. Kupaka ndiyo hatua ya mwisho, na ndiyo fupi.

Kuna na joto. Reptilia hajipashi joto mwenyewe, na mwili wake usipopata moto, kidonda hukaa vilevile, hakifungi. Tulikuwa na chatu aliyeng'atwa na panya. Kuna mtu alimtupia panya hai akaenda zake, na chatu asiye na njaa huweza kutafunwa akiwa amelala. Tulimshona, tukampaka krimu, tukamlaza juu ya magazeti badala ya mchanga ili uchafu usigande kidondani, na jeraha halikusogea. Ilikuwa msimu wa kusi, chumba chake kikiwa upande wa kivuli. Tulipomhamishia kwenye joto la nyuzi 30 hivi, krimu ileile ikawa kana kwamba imebadilishwa. Alipojivua ngozi tuliona magamba mapya yamepangika ovyo juu ya kovu. Nyuzi za mshono tulizitoa baada ya kujivua huko. Mbuzi ningemtoa zake katika wiki ya pili.

Kwa kasa, adui wa marhamu ni maji. Walikuja na mapezi yaliyokatwa na uzi wa mishipi au vipande vya nyavu, wengine hadi mfupani, na nani atampaka dawa mnyama anayeishi baharini? Tulimtoa tangini, tukamlaza juu ya godoro la sponji, taulo mbichi mgongoni, vaselini kidogo kwenye gamba lisikauke, kisha dawa kidondani, naye akae nje kwa saa kadhaa. Muda huo una bei yake. Kasa mkubwa akiwa nchi kavu, uzito wake mwenyewe huyalemea mapafu, kwa hiyo unaitazama saa na kumsikiliza anavyopumua.

Hapo ndipo asali iliponishinda kiburi. Niliichukulia kuwa dawa ya mabibi. Lakini inanata, inavuta maji kutoka kwenye uvimbe, ina uchachu usiopendwa na vijidudu, tena hutengeneza peroksaidi yake kidogo kidogo, ile dawa tuliyoifukuza sandukuni ikarudi kwa kipimo kinachovumilika. Si asali yoyote lakini. Ya sokoni huweza kuwa imechanganywa na sukari, na hata ile safi huweza kubeba mbegu za bakteria. Kidondani tulitia iliyotakaswa kwa ajili ya vidonda, ilipopatikana. Ile ya mizinga ya Arabuko-Sokoke tuliila na chapati.

Siku moja nikimpaka kasa, mlangoni alisimama mzee mvuvi. "Nipatie mafuta yake kidogo mwanangu, miguu yaniuma." Pwani yetu mafuta ya kasa ni dawa tangu zamani. Nilimweleza kuhusu sheria ya wanyamapori ya 2013, naye akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza kama kesho nitakuwepo.

Sasa nimestaafu, ila huitwa. Juzi waliniitia kobe aliyegongwa na gari, gamba limepasuka. Zamani ufa kama huo ulifunikwa kwa gundi ngumu na nyuzi za kioo, ukang'aa, na chini yake maambukizi yakaendelea kwa starehe. Gamba ni mfupa hai. Kijana aliyenirithi anataka kuliziba wiki hii kwa sababu mwenye kituo anapenda kuona kazi imekwisha. Mimi nataka liunganishwe kwa waya, lioshwe kila siku, libaki wazi hadi mfupa uungane, hata ikichukua mwaka. Hatujakubaliana, na kesho asubuhi zamu ya kuosha ni yangu.