Herufi ya Ishirini

Wengine mwatuuliza kwa nini sisi waalimu wa watoto wadogo twakesha mbele ya kompyuta tukisoma herufi zisizo na neno. Sababu ni hii.

Mtoto wetu wa pili ana selimundu. Alipopimwa, jamaa walimtazama mama yake kana kwamba ameuleta ugonjwa kutoka kwao. Twalipopimwa na sisi, ikaonekana kila mmoja wetu anayo sehemu. Basi tukataka kuona kwa macho kitu chenyewe.

Mwili wa mtu umeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, zipatazo bilioni 3. Wataalamu wameziweka katika hazina iitwayo GenBank, na kusoma ni bure. Maagizo ya sehemu ile ya damu inayoharibika ni herufi 444. Twalipanga mistari miwili, wa mzima na wa mgonjwa, tukaifuata kwa kidole kama tusahihishavyo imla. (Kompyuta ingalitupa jibu mara moja, lakini tulitaka kidole.) Herufi ya 20, palipokuwa A pana T. Basi! Mwanafunzi akiandika “bata” mahali pa “baba” twacheka. Hapa chembe ya damu hupindika kama mundu.

Mwenye T moja tu, kama sisi, hukingwa kiasi na malaria kali. Ndiyo maana imedumu katika nchi zetu.

Tukamwonyesha bibi yake, mzaa baba. Akauliza, “T hii ni ya nani?”

“Mtoto anazo mbili, mama. Moja ya mkweo, moja ya mwanao.”

Akanyamaza kitambo, kisha akamwita mkwewe aketi karibu naye.