Vumbi la Kiwengwa

Mgeni anayefikia Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, anaweza kumaliza likizo yake asijue kwamba alikuwa kijijini. Lango la hoteli linatazama barabara ya lami, uzio wa upande wa pili unaishia mchangani, na baina ya viwili hivyo amewekewa kila anachohitaji: bwawa, muziki, vitanda vya kuotea jua na chakula cha Kiitaliano. Waitaliano ndio walioizoea zaidi pwani hii, na kwa muda mrefu. Watoto wa hapa wakiona ngozi nyeupe hutamka "Ciao!" kabla ya "Jambo!", na wauza vinyago wa ufukweni hupatana bei kwa Kiitaliano bila kubabaika.

Ukivuka lami kuelekea magharibi ndipo unapoikuta Kiwengwa ya wenyewe: viambo vya nyumba za mawe na makuti, mashamba ya muhogo, misitu iliyoota juu ya miamba, mapango, na njia nyembamba za vumbi zilizochimbwa na magurudumu ya gari za ng'ombe. Njia hizo siku hizi zina wateja wapya. Zinauzwa kwa watalii kwa bei ya dola, pamoja na kofia ngumu, miwani ya vumbi na pikipiki ya magurudumu manne.

Tulikwenda wakati wa kusi, masika yakiwa yamekwisha na njia zimekauka. Uwanja wa kuondokea ulikuwa nyuma ya banda la makuti, pikipiki zimepangwa safu moja, rangi zao nyekundu zimepaushwa na jua na chumvi. Kijana wa kutuongoza alikuwa mzaliwa wa kijiji cha jirani. Alitazama kundi lake, Waitaliano kadhaa waliojipaka mafuta ya jua na sisi tuliotoka Dar es Salaam, akatabasamu. "Leo nimepata na wenyewe," akasema. "Haya, karibuni. Nyie nitawaambia na yale nisiyowaambia wengine."

Kwanza lilikuja somo. Chombo hiki hakina klachi wala gia za kuhangaika nazo. Ipo swichi ya kuwashia, breki mkononi, na kitufe cha mafuta kinachosukumwa kwa kidole gumba cha kulia. Kijana alirudia mambo matatu kwa lugha mbili. Kwanza, mguu usitoke mahali pake, maana gurudumu la nyuma likikukamata kisigino halikuachii. Pili, ukikata kona, mwili ulalie upande wa ndani wa kona. Tatu, usimfuate mwenzio kwa karibu, ukala vumbi lake na kumgonga asimamapo ghafla. Mkono wa mwongozaji ukipanda juu, wote mnasimama.

Somo la kulalia kona limetokana na watu walioumia. Kampuni ya Honda ilianza kuuza chombo cha aina hii mwaka 1970, nacho kilikuwa na magurudumu matatu manene yenye upepo kidogo, yaweze kuelea juu ya mchanga na theluji. Wakulima na wafugaji wa Marekani walikipenda, watoto wao wakakipenda zaidi, na hospitali zikaanza kupokea waliopinduka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Suzuki ikaleta cha magurudumu manne, na mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza vile vya matatu. Gurudumu la nne lilipunguza hatari bila kuimaliza. Chombo ni kizito, kimeinuka, na kikimwangukia mtu kinambana. Kwa hiyo mwongozaji anayetumia robo saa kuwafundisha wageni kabla ya kuwasha injini anastahili shukrani, hata kama wageni wanaangalia saa.

Tukaondoka. Hatua za mwanzo zilikuwa za kelele tupu, kila mtu akijaribu kidole chake. Baada ya minazi ya mwanzo njia ikatulia, nasi tukatulia nayo, na macho yakaanza kuona.

Asiyeijua Unguja hudhani kisiwa chote ni udongo wa karafuu. Upande wa magharibi na wa kati ndiko kwenye ardhi nene, na wakulima wa Zanzibar wana majina kwa kila aina yake: kichanga kinachopenda muhogo na minazi, kinongo chekundu chenye rutuba, kinamo kizito cha mabonde ya mpunga. Pwani ya mashariki ni maweni. Ni matumbawe ya kale yaliyobaki juu bahari iliposhuka, yakawa jiwe lenye meno, na udongo umejificha ndani ya vishimo. Juu ya pikipiki utayatambua mabadiliko haya kwa mgongo wako kabla ya kuyaona. Penye udongo mnene unateleza kwa raha, vumbi jekundu linapanda. Ukiingia maweni usukani unaanza kupigana na mikono, na vumbi linageuka la kijivu.

Katikati ya mawe hayo kuna mashamba. Mkulima hafuati mistari, anafuata vishimo: hapa shina la mbaazi, pale tungule, kule mihogo miwili iliyosimama kwenye ufa wa jiwe. Shamba likichoka analiacha vichaka virudi, anahamia kwingine. Waitaliano walipiga picha jiwe lililoota pilipili. Mwongozaji akawaeleza kwa lugha yao kwamba ni kilimo cha asili. Kisha akatugeukia sisi: "Hapa mtu akivuna gunia moja, jua kalitolea jasho la magunia matatu. Ndiyo maana vijana wote wametelemkia hotelini."

Hapo nikaelewa alichokuwa ameahidi uwanjani. Safari ilikuwa moja, maelezo mawili. Wageni walipewa mandhari, sisi tukapewa habari. Zaidi ya hapo, kulikuwa na habari ambayo mwongozaji hakuhitaji kutupa, kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa inaisema kwa Kiswahili.

Tulisimama kwenye kiambo kimoja ili wa nyuma watufikie. Mbele ya nyumba palikuwa na mkeka, juu yake makopa ya muhogo yameanikwa, meupe, na upande ulioelekea njia yameingia wekundu. Mwenye makopa alikuwa bibi aliyejifunga kanga mbili, ameketi barazani akisuka ukili. Waitaliano wakampungia mkono, naye akawapungia. Mimi nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe mtu wa huku? Watokea wapi?"

"Natokea Dar es Salaam."

"Karibu. Na wewe ushapanda madude haya?" Akacheka, halafu hakucheka tena. "Basi waambie wenzio wapite polepole. Makopa yangu nayapika mie, na vumbi lao nalila mie."

Mwongozaji akainamisha kichwa. "Tumekusikia, bibi. Utuwie radhi." Tuliondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea hadi kiambo kilipokwisha, na Mwitaliano mmoja akauliza kama injini ina hitilafu. Kijana akamjibu kwamba injini ni nzima, ila pale wanakaa watu.

Kuanzia hapo sikuweza kuacha kusikiliza. Mzee aliyekuwa na punda wake alijibu salamu kisha akasema, kwa sauti ya kutaka isikike, kwamba zamani njia hii ilikuwa na tope tu. Watoto walikimbia kando yetu wakiomba pipi kwa Kiitaliano. Nilipowaambia kwa Kiswahili warudi kwao wasije kugongwa, walisimama kwa mshangao, mmoja akaniamkia, na wote wakasahau habari ya pipi. Mwongozaji alikuwa amekataza kabisa kuwarushia chochote. Mtoto akizoea kupewa pipi na pikipiki, alisema, siku moja ataikimbilia yenye dereva asiyejua breki.

Kituo kilichofuata kilikuwa pango lililo ndani ya Msitu wa Hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe, ambao una zaidi ya hekta 3,000 na ni miongoni mwa misitu michache ya maweni iliyobakia mikubwa Unguja. Pikipiki zinaachwa nje, na hilo peke yake ni faraja. Masikio yaliendelea kuvuma kwa muda, kisha ndege wakaanza kusikika. Msitu huu ni makazi ya kima punju, ambaye hapatikani popote duniani ila Zanzibar, ingawa kwa kelele tulizokuja nazo hakutokea hata mmoja kutusalimu.

Mhifadhi aliyetupokea alikuwa na tochi na maneno machache. Pangoni mnashuka kwa ngazi za mawe, hewa inapoa, popo wanahama kutoka pembe moja kwenda nyingine. Maji ya mvua yamepenya kwenye jiwe miaka na miaka, yakaacha nguzo za chokaa zilizoning'inia darini, na mizizi ya miti imeshuka kutoka juu ikitafuta unyevu. Kwenye kijishimo kimoja palikuwa na vipande vya kitambaa na kijungu chenye majivu ya ubani. Kwa Kiitaliano tuliambiwa ni mahali pa imani za kale. Kwa Kiswahili tuliambiwa kwamba ziko familia zinazokuja hadi leo kutoa nadhiri, kwamba mwenye kuja huvua viatu, na kwamba si vizuri kuweka mkono pale. Tukasogea nyuma. Nikawanong'oneza Waitaliano kwa Kiingereza changu nao wasogee, na wakafanya hivyo bila kuuliza. Heshima haikuwa ngumu kwao. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuwaambia.

Kurudi tulipitia njia ya kaskazini kidogo, tukaikuta bahari upande wa Pwani Mchangani. Maji yalikuwa yamekupwa, yameacha uwanda mpana wa mchanga na madimbwi hadi karibu na mwamba mawimbi yanakovunjikia. Wanawake walikuwa humo, maji magotini, wakifunga mwani kwenye kamba zilizotandwa baina ya vigingi. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, kikaenea pwani yote ya mashariki na kuwapa wanawake wengi pesa zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Mwani uitwao kotoni, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kadiri maji ya kina kifupi yanavyopata joto, na wengi wamebaki na spinosamu, unaostahimili lakini bei yake ni ndogo. Ukikauka unasafirishwa nje, ukatolewe utomvu wa kugandishia dawa ya meno na aiskrimu. Huenda wageni wengine hupaka dawa hiyo kwenye mswaki kila asubuhi, hatua chache kutoka kwa aliyeulima.

Ufukwe ule, mpana na mgumu, ulikuwa unaita magurudumu. Mmoja wetu akauliza kama tunaweza kushuka kidogo, picha tu. Mwongozaji akazima injini yake, kisha akanyoosha mkono kuonesha: mwani ulioanikwa mchangani, nyavu, ngalawa, watoto wanaookota chaza. Mbele zaidi, alisema, upande wa Matemwe na Mnemba, kasa uziwa hupanda kutaga, na yai lililofukiwa halijui kujikinga na gurudumu. Wako wanaoshuka, alikiri. Yeye hashuki. "Huu mchanga mama yangu anaupita kila siku kwenda baharini. Nitamwambia nini?"

Raha ilikuwepo, na mwenye kusema hakuna raha kwenye chombo hiki hajapanda. Kuna furaha ya kitoto katika kuvuka dimbwi kwa kasi na kutoka upande wa pili umepakaa tope hadi nyusi. Lakini kilichobaki kwangu kilipatikana injini zikiwa zimezimwa: kiamboni, pangoni, na pale juu ya ufukwe. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Safari hizi ziendelee, kwa masharti. Mwendo uwe wa miguu penye nyumba, njia zibadilishwe ili vumbi lisidondoke kwenye chakula cha kiambo kilekile kila siku, ufukwe uachiwe wanaoutumia, na sehemu ya dola hizo ionekane kijijini kwa macho, iwe kisima au darasa, isiishie kwenye karatasi.

Na ninyi wasomaji mnaotoka bara, Mombasa, au mjini Unguja kwenyewe, msiwaachie wageni safari hizi. Nendeni. Ulizeni mwongozaji ni mwenyeji wa wapi kabla ya kulipa, kataeni asiyefundisha breki, vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, na mkifika penye watu zimeni injini muamkie. Nyie ndio abiria pekee wa pikipiki hizo wanaoweza kuambiwa ukweli na mwenye makopa, na mkirudi uwanjani mna wajibu wa kumfikishia mwenye kampuni maneno yake.