Barua kwa Mpwa wa Ayany Kuhusu Notisi ya Miezi Mitatu

Kwa mpwa, mtaa wa Ayany, Kibera.

Mjomba amepata habari kwamba mwajiri mpya wa Upper Hill anamtaka mpwa aanze kazi baada ya mwezi mmoja, ilhali mkataba wake wa sasa unadai notisi ya miezi mitatu, na kwamba wapo wanaomshauri angoje mshahara uingie kisha azime simu.

Notisi ni taarifa ya maandishi ambayo upande mmoja wa mkataba wa kazi huupa upande wa pili kabla ya kuuvunja. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humwekea anayelipwa kwa mwezi siku 28, lakini kinaheshimu mkataba uliotaja muda mrefu zaidi, na kwa hiyo miezi mitatu aliyoitia mpwa sahihi inambana. Kibarua wa kutwa, kama walivyo wengi wanaotoka Kibera alfajiri kwa miguu kwenda viwandani, kwa kawaida huweza kuachana na tajiri wake jioni yoyote. Wanaomshauri mpwa huenda wanapima mambo kwa kipimo hicho.

Njia halali ya kuondoka mapema imo katika kifungu cha 36, kinachomruhusu kila upande kuvunja mkataba papo hapo kwa kuulipa upande wa pili mshahara wa muda uliobaki. Mpwa akitumikia mwezi mmoja atadaiwa mishahara ya miezi miwili, mzigo ambao mwajiri mpya mwenye haraka anaweza kukubali kuubeba, mradi aombwe kabla ya mkataba mpya kutiwa sahihi, kwa maana baada ya sahihi hana sababu ya kuwa mkarimu. Mwajiri wa sasa naye akiamua mwenyewe kumwachilia kabla ya wakati, kifungu cha 38 humtaka alipe siku ambazo hazikutumikiwa, isipokuwa pande hizo zimepatana vinginevyo. Ndiyo maana maafisa wa ajira husita kusema “nenda tu”, na mpwa akiomba kupunguziwa muda hana budi kuandika waziwazi kwamba hakuna atakayemdai mwenzake. Siku za likizo zilizobaki zaweza kuingizwa katika mapatano hayohayo.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni sacco, yaani chama cha ushirika cha kuweka akiba na kukopa, ambacho hupokea marejesho yake kutoka kwa mwajiri kabla mshahara haujamfikia mfanyakazi. Makato hayo hukoma siku jina linapotoka katika orodha ya mishahara, na mkopo usipolipwa chama hugeukia akiba ya mkopaji, kisha wadhamini, ambao kwa kawaida ni wafanyakazi wenzake waliotia sahihi kwa kumwamini. Anayezima simu humwachia deni lake mwenzake aliyebaki ofisini, na huo, kwa maoni ya mjomba, ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kumkosea mwajiri. Miezi mitatu, inayoonekana kuwa kifungo, inatosha kupanga marejesho kupitia benki au mwajiri mpya.

Wiki za katikati zitachosha, kwani mtu aliyeaga huacha kuitwa mikutanoni ilhali kazi haipungui, na hapo maelezo ya makabidhiano yaandikwe kidogo kidogo badala ya kurundikwa siku ya mwisho. Kifungu cha 51 kinampa haki ya cheti cha utumishi, hati inayotaja aina ya kazi na tarehe za kuanza na kuacha. Sifa za utendaji mwajiri halazimiki kuziandika, nazo hutegemea wiki hizo.

Barua ya kuacha kazi isitolewe kabla ofa ya Upper Hill haijafika kwa maandishi, ikiwa na tarehe ya kuanza iliyokubaliwa na jibu kuhusu nani atalipa miezi miwili.

Mjomba wake.