Nakuru: shuka garini utembee

Jina Nakuru likitajwa, ni picha gani hukujia akilini? Iwapo ulisomea shule ya msingi hapa Kenya, bila shaka unaona ziwa lililozungukwa na mkanda wa rangi ya waridi, rangi inayotokana na maelfu kwa maelfu ya flamingo, ndege ambao kamusi zetu huwaita heroe. Picha hiyo ilikuwa vitabuni, kwenye kalenda za maduka na hata katika kuta za vinyozi. Nami nililelewa nayo, na ndiyo iliyoniponza.

Nilimwahidi binti yangu, aliyekuwa akitimiza miaka saba, kwamba siku yake ya kuzaliwa ningempeleka kuwaona ndege hao. Tulichanga pesa na jirani, tukakodi gari, tukalipa kiingilio cha Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru na kuingia mapema kabla ya jua kuwa kali. Tuliona vifaru wamejilaza kama mawe, tukaona twiga, nyati na mwari. Lakini tulipofika ufuoni tulipokewa na migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, myeupe kama mifupa. Flamingo tuliowaona ungewahesabu kwa vidole vya mikono na miguu.

"Baba," akaniuliza, "wale wa kwenye kalenda wamehamia wapi?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Baadaye nililitafuta, na ni hili. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka ndani yake. Mito Njoro, Makalia na Nderit humwaga maji humo, na tangu jadi ni jua tu lililokuwa likiyapunguza. Kuanzia mwaka wa 2010 hivi, ziwa limekuwa likipanda. Lango kuu la zamani la mbuga limemezwa pamoja na ofisi zake, na mnamo 2020 familia za Mwariki na Barut zilihama maji yalipoingia majumbani na mashambani mwao. Flamingo naye hula mwani mdogo sana unaostawi katika maji ya magadi. Magadi hayo yakizimuliwa na maji mengi yasiyo na chumvi, chakula hupungua, na ndege huruka kwenda kwingine. Hawadaiwi nauli.

Sikusimulii haya ili nikuzuie kwenda. Mbuga hiyo ya kilomita mraba 188 ingali mojawapo ya mahali pazuri zaidi nchini pa kumwona kifaru, na maporomoko ya Makalia, kule kusini, yanastahili safari. Ila humo ndani hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa katika sehemu chache zilizotengwa. Mtoto wa miaka saba ukimfungia kwenye kiti kwa saa sita, unamwadhibu yeye na dereva pia. Tangu siku hiyo, sisi nyumbani tuliamua kuijua Nakuru kwa miguu yetu wenyewe.

Tulianzia Menengai. Kutoka katikati ya jiji (naam, Nakuru ni jiji tangu Desemba 1, 2021) boda boda hukufikisha juu kwa muda usiozidi nusu saa, lakini wenye mapafu hupanda kwa miguu kupitia msituni. Unapanda, unapanda, unaanza kujiuliza mlima wenyewe uko wapi, kisha ghafla ardhi inakwisha mbele ya viatu vyako. Chini yako liko shimo lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na kina kinachokaribia nusu kilomita. Volkano ilijibomokea yenyewe zamani hizo, na sakafu yake ni mawe meusi ya lava yaliyoganda yakiwa bado na mikunjo kama uji uliomwagika.

Wamaasai husimulia jinsi vita vya karne ya 19 baina ya Ilpurko na Ilaikipiak vilivyomalizikia hapa, walioshindwa wakirushwa genge hili. Wakikuyu wa zamani walipaita Kirima kia Ngoma, yaani mlima wa mizimu, na moshi unaofuka kule chini uliwapa kila sababu. Siku hizi tunajua kuwa moshi huo ni mvuke wa ardhini. Tangu 2011 visima vimekuwa vikichimbwa, na mnamo 2023 kituo cha kwanza kilianza kuzalisha umeme kwa mvuke huo. Binti yangu hakujali umeme. Alilala kifudifudi ukingoni, nimemshika miguu, akatazama chini kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama televisheni.

Hapo nikupe onyo. Sehemu kubwa ya ukingo huo haina ua wala kamba. Mtoto asikimbie. Vilevile msiende wawili wawili kwenye njia za upweke, kwani visa vya wageni kuporwa simu vimewahi kusikika. Nendeni kundi, muwe na mtu anayepajua, na mteremke kabla ya magharibi.

Ukiwa na bibi au babu ambaye magoti hayamruhusu kupanda Menengai, mpeleke Hyrax Hill. Kilima hiki kiko kilomita nne tu kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, na nashangaa ni wakaazi wangapi wa Nakuru hupita hapo kila wiki bila kugeuza shingo. Louis Leakey alipatambua mwaka wa 1926 na mkewe Mary akapachimba kuanzia 1937. Utaona mashimo ya Sirikwa, ambamo wafugaji wa zamani walilaza ng'ombe wao, utaona makaburi ya kale, na kwenye mwamba utakuta safu za vishimo vya bao vilivyochongwa na watu ambao hatujui hata majina yao. Sisi tuliokota kokoto tukacheza hapo hapo. Nilishindwa mara mbili. Pimbi, wanyama wadogo waliokipa kilima jina lake, walitutazama juu ya mawe wakiota jua.

Lakini jambo lililonifanya niketi chini ni kwamba maelfu ya miaka iliyopita, wakati wa mvua nyingi, Ziwa Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja kubwa, na mawimbi yake yalipiga kwenye miteremko ya kilima hiki. Ukiwa umesimama hapo juu, ziwa la leo liko mbali kule bondeni, na kati yenu kuna mitaa, paa za mabati, shule na viwanda. Nilimwonyesha binti yangu. Akauliza kama ziwa linakumbuka njia. Mpaka leo sijui nimjibu nini.

Wenye nguvu nao waelekee Naivasha, mwendo wa saa moja unusu hivi kwa matatu. Ukishuka karibu na njia ya kuingilia Hell's Gate utakuta vijana wakikodisha baiskeli. Jaribu breki kabla ya kulipa, tafadhali. Yangu ilikuwa na moja tu, tena ya kubahatisha. Hifadhi hii iliyoanzishwa 1984 ni miongoni mwa chache nchini zinazokuruhusu kutembea au kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Punda milia wanavuka mbele yako, ngiri wanakimbia mikia juu, na twiga anakutazama kama mwenye nyumba anayejiuliza nani amekukaribisha. Karibu na lango liko jabali la Fischer, ambalo Wamaasai husema ni msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akageuka kutazama nyuma licha ya kukatazwa, akawa jiwe.

Mbele zaidi liko korongo la Ol Njorowa, lenye kuta za mwamba zilizochongwa na maji. Hapa msomaji nisikilize vizuri. Mnamo Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa na mafuriko humo ndani, na Septemba 2019 watu saba wengine wakafa vivyo hivyo. Si lazima mvua ikunyeshee wewe. Hunyesha huko milimani, nawe ukiwa chini ya anga yenye jua, maji yanakuja kama gari moshi. Uliza langoni kama korongo limefunguliwa siku hiyo, usiingie bila kiongozi wa eneo hilo, na ukiona wingu jeusi upande wowote, achana nalo. Baiskeli peke yake inatosha kufurahisha siku.

Kabla sijasahau: ada za hifadhi za KWS hulipwa kupitia eCitizen, wala si kwa pesa taslimu. Raia hutozwa kidogo kuliko wageni, kwa hivyo beba kitambulisho. Beba pia maji mara mbili ya unavyodhani utakunywa.

Na wale flamingo? Likizo iliyofuata tulipanda matatu ya Marigat, tukapita Mogotio ambapo barabara inavuka ikweta, watoto wakaruka huku na huku wakitoka kusini kwenda kaskazini mwa dunia. Tulishuka kwenye njia panda na kuchukua boda boda hadi lango la Loboi, Ziwa Bogoria. Maji yamepanda huko pia na kumeza baadhi ya chemchemi za moto, na idadi ya ndege hubadilika msimu hadi msimu, kwa hivyo sikumwahidi mtu chochote safari hii. Tuliteremka polepole tukielekea majini, chemchemi moja ikitokota kando yetu kama sufuria ya githeri. Binti yangu alikuwa ametangulia. Akasimama, akainua mkono kutuzuia tusipige kelele.

"Baba," akanong'ona, "ndio hawa."