Kwezi wangu aliyebadilika jicho

Kuna simu ambazo mwandishi wa habari hapendi kuzipokea. Ya mhariri saa tano usiku ni mojawapo. Nyingine ni ya msomaji anayeanza kwa upole mno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndege uliyemweka gazetini ulimpigia wapi picha?"

Nikamwambia Naabi, kwenye lango la Serengeti, pale wageni wanapokula chakula cha mchana wakisubiri taratibu za kuingia. Mzee ameongoza watalii miaka mingi, hakuhitaji maelezo.

"Umeandika kwezi maridadi. Mbona jicho lake la rangi ya chungwa? Kwezi maridadi ana jicho jeupe-jeupe, kama maziwa. Mwenye jicho la chungwa ni ndugu yake, kwezi wa Hildebrandt, na wote wawili wapo huko. Sasa wewe ulimwona yupi?"

Jamani, nilimwona kwezi maridadi! Nilikaa naye nusu saa nzima akidokoa makombo mezani. Ana mstari mweupe kifuani, kati ya bluu ya juu na rangi ya kutu ya tumboni, na ndugu yake hana mstari huo. Lakini katika picha niliyoichagua alikuwa amenipa mgongo, kageuza kichwa tu. Mstari hauonekani. Ushahidi uliobaki ulikuwa jicho, na jicho nimelipaka rangi mwenyewe.

Sikulipaka kwa brashi, ndugu msomaji. Nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Ndege alikuwa kivulini, na mwanga wa kivulini siku ya anga safi una ubluu mwingi kuliko wa juani, hivyo picha ilitoka imepoa. Usiku, gesti, chini ya balbu ya njano, nikaanza kuipasha joto kwenye kompyuta. Sikujua kwamba macho yangu yalikwisha kuizoea ile njano ya balbu, kwa hiyo kila nilichokiona kwenye skrini kilionekana bado kina bluu. Nikaongeza. Kisha nikakoleza rangi zote kidogo, ile "kidogo" tunayoijua sote. Asubuhi nikaituma bila kuitazama tena.

Kinachoniuma ni kwamba kipimo nilikuwa nacho. Wenzetu hubeba kadi ya kijivu ili kuifundisha kamera mwanga wa mahali. Kwezi maridadi amebeba yake kifuani! Nilikuwa na picha nyingine, dakika ileile, kivuli kilekile, ndege kanielekea. Ningegusa ule weupe kwenye programu, nikaiambia "hapa ni nyeupe", halafu nikahamishia mpangilio huo kwenye picha ya mgongo, yangekwisha. Sharti ni weupe wenyewe usiwe umeungua kwa mwanga, maana palipoungua hapana rangi ya kupima. Mimi sasa napunguza mwanga kidogo ninapompiga ndege mwenye weupe, na nahifadhi faili ghafi, siyo ile ambayo kamera imekwisha kuamua na kubana.

Nilijaribu kujitetea kwa mzee kwamba rangi za kwezi hazishikiki. Na kweli, ile bluu ya mgongoni haitokani na rangi ya bluu iliyomo ndani ya unyoya. Inatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa, tabaka ndogo mno zinazourudisha mwanga, kwa hiyo akigeuka kidogo tu bluu inakuwa kijani, akigeuka tena inakaribia kuwa nyeusi. Ninazo picha tatu za sekunde moja zenye migongo mitatu tofauti, na zote ni za kweli. Tena ndege wengi huona hata mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni, kwa hiyo kwezi mwenyewe akilitazama gazeti letu huenda asijitambue kabisa.

"Sawa," mzee akasema, "lakini jicho haligeuki hivyo."

Nilinyamaza. Nilikumbuka kwamba mwaka 2006 gazeti la Charlotte Observer la Marekani lilimfukuza kazi mpiga picha wake kwa kubadili rangi ya anga nyuma ya mzimamoto. Zimamoto alikuwepo, ngazi ilikuwepo, hakuongeza mtu wala kuondoa. Anga tu. Niliposoma habari ile niliona wamemwonea.

Nikafungua faili la mwanzo. Jicho jeupe kama maziwa, linanitazama. Nikamtumia mzee kwa simu, akajibu: "Ndiye huyo. Sasa waambie na wengine."

Mhariri aliniuliza kama kuna ndege atakayetushtaki. Nikamwambia hakuna, ila kuna mtoto wa shule aliyekata picha ile akaibandika kwenye daftari. Sahihisho lilitoka siku ya tatu, ukurasa wa 14, mistari miwili, bila picha.